Uhuru, Rossi, Compton, Fermi: majina manne yaliyopanda angani

Vyombo vinavyopima mwanga mkali kuliko wote wa galaksi vina majina. Kimoja kiliitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu hiki, na kiliruka kutoka pwani ya Kenya. Kingine kilipewa jina la Bruno Rossi, kingine la Arthur Compton, na kimojawapo cha baadaye kina jina la Enrico Fermi. Kati ya watu hao watatu, wawili walikimbia nchi yao mwaka mmoja, 1938. Wa tatu alimpokea mmoja wao. Tulipoyaweka majina haya manne pamoja, tukaona kuna historia inayotuhusu kabisa. Ndiyo tunawaletea leo, ndugu zetu mlioko makambini na mjini, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi nasi.

Tuanze na kitu chenyewe kinachopimwa.

Galaksi ni kundi la mabilioni ya nyota zinazoshikana kwa mvutano. Ule mkanda mweupe tunaouona usiku wakati umeme hakuna ni galaksi yetu wenyewe, tukiiangalia kutoka ndani. Galaksi nyingi zina kitovu kitulivu. Lakini ziko ambazo kitovu chake kinawaka kiasi cha kuzishinda nyota zake zote zikijumlishwa. Hizo huitwa galaksi amilifu. Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert aliandika kuhusu galaksi chache zenye kitovu cha ajabu cha aina hiyo, na mpaka leo aina hiyo ina jina lake. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba kitu kinachoitwa 3C 273, kilichoonekana kama nyota ya kawaida tu, kumbe kiko mbali sana: mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni mbili kufika kwetu. Kitu kinachoonekana kutoka umbali huo lazima kiwe kinawaka kweli kweli. Swali likawa: nini kinawasha moto huo?

Macho hayatoshi kujibu. Mwanga huja kwa chembe chembe, na kila chembe ina nishati yake. Chembe ya mwanga tunaouona ina elektronivolti mbili hivi. Chembe ya eksirei, kama ile ya hospitali, ina maelfu. Chembe ya miale ya gama inaweza kuwa na mabilioni. Kadiri chembe inavyokuwa na nishati kubwa, ndivyo inavyotuambia habari za mahali penye vurugu zaidi. Ila hapa ndo shida inapoanzia: hewa iliyo juu yetu inaimeza eksirei ya angani pamoja na gama. Ni bahati kwa ngozi zetu, lakini kwa mpimaji ni ukuta. Atake asitake, lazima apande juu ya hewa.

Sasa tumfuate Rossi. Alizaliwa Venice, Italia, mwaka 1905. Mwaka 1930, akiwa kijana wa Florence mwenye vifaa vichache, alibuni saketi ndogo ya umeme iliyobadilisha kazi ya kupima. Tuielewe hivi. Ukiwa na kihesabio kimoja cha chembe, kinalia ovyo, na hujui kimelia kwa sababu gani. Rossi akaviunganisha vihesabio kadhaa kwa namna ambayo saketi hukubali habari pale tu vyote vinapolia kwa wakati mmoja. Ni kama baraza la wazee: shahidi mmoja hatoshi, tunataka wawili au watatu waseme jambo moja saa ileile. Saketi hiyo ya mashahidi inaweza pia kugeuzwa: kihesabio cha pembeni kinakuwa mlinzi, na chembe yoyote ambayo mlinzi ameiona inakataliwa. Kumbukeni huyo mlinzi, tutakutana naye tena angani.

Mwaka 1933 Rossi alileta vihesabio vyake Afrika, mpaka Asmara, Eritrea, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Italia. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 2,300, na uko karibu na ikweta kuliko Italia. Alitaka kujua miale ya anga, yaani chembe zinazoipiga dunia kutoka mbali, ina chaji gani. Sumaku ya dunia hupinda njia ya chembe zenye chaji, na karibu na ikweta jambo hilo huonekana vizuri zaidi. Akakuta nyingi zaidi zinatoka upande wa magharibi. Maana yake zilikuwa na chaji chanya.

Wakati huo alikuwa ameshapewa kazi ya uprofesa Padua, na huko akasimamia ujenzi wa taasisi mpya ya fizikia. Mwaka 1938 jengo lilikuwa limekamilika. Mwaka huohuo serikali ya Mussolini ikatoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rossi alikuwa Myahudi. Akafukuzwa kwenye taasisi aliyoisimamia ikijengwa tangu msingi. Yeye na mkewe Nora, ambao walikuwa wamefunga ndoa mwaka huo, wakaondoka. Niels Bohr aliwaalika Copenhagen. Kutoka huko wakaenda Manchester kwa Patrick Blackett, na chama cha Waingereza kilichokuwa kinasaidia wasomi waliofukuzwa makwao kikampa fedha za kujikimu. Juni 1939 wakafika Chicago, na aliyewaalika ni Arthur Compton. Kabla ya mwaka kuisha Rossi alikuwa ameshajenga vifaa vipya na kuvipandisha mlimani Colorado kupima.

Angalieni alichobeba. Jengo lilibaki Padua. Vifaa vilibaki. Kilichovuka mipaka ni ujuzi wa kutengeneza saketi ya mashahidi, na huo afisa wa mpaka hawezi kuuona kwenye mzigo.

Miaka ya hamsini Rossi alikuwa profesa Massachusetts, na pia aliongoza bodi ya kampuni ndogo ya utafiti. Mwaka 1959 alimwambia kijana Riccardo Giacconi, Mwitalia mwenzake, kwamba inafaa kutafuta eksirei kutoka angani. Wengi waliona hakuna kitu huko. Jua lilijulikana kutoa eksirei, lakini nyota za mbali zingekuwa dhaifu mno. Giacconi na wenzake wakarusha roketi usiku wa Juni 1962. Ilikaa juu ya hewa dakika tano na kidogo, kisha ikaanguka. Ndani ya dakika hizo vihesabio vilikuta chanzo kikali cha eksirei nje kabisa ya mfumo wa jua letu, upande wa kundi la nyota la Nge. Elimu mpya ikazaliwa.

Roketi nyingine zilifuata, na kabla ya 1970 zilikuwa zimeshagusa eksirei ya galaksi chache, mojawapo ikiwa M87. Lakini dakika tano ni dakika tano. Siku moja ina dakika 1,440, sawa na roketi 288 mfululizo. Walihitaji chombo kitakachobaki juu.

Na hapo ndipo hadithi inapofika pwani yetu. Italia ilikuwa na jukwaa la kurushia roketi, limesimama kwa miguu ya chuma baharini, Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni kaskazini mwa Malindi. Linaitwa San Marco. Kwa nini pale? Kwanza, kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inapewa msukumo wa bure. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inaepuka sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembe za mionzi zimejaa na kuvuruga vihesabio. Mpimaji anataka utulivu, na ikweta inampa.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani iliruka kutoka jukwaa lile. Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia mradi huo, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya wenyeji waliowapokea. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake.

Kifaa chake kilikuwa rahisi kueleza. Ni masanduku yaliyojaa gesi, yenye dirisha jembamba la metali nyepesi, na ndani yake nyaya zenye umeme. Chembe ya eksirei ikipita dirishani inagonga gesi, elektroni zinatoka, zinakimbilia waya, na mshtuko mdogo wa umeme unahesabiwa. Ukubwa wa mshtuko unaonyesha nishati ya chembe. Mbele ya masanduku kulikuwa na vijia vyembamba, ili kila upande uone kipande kidogo tu cha anga. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Chanzo kilipopita mbele ya vijia, hesabu ilipanda, ikafika kileleni, ikashuka, mfano wa paa la nyumba. Kwa galaksi dhaifu paa hilo lilikuwa hesabu chache tu kwa sekunde. Unarudia, unajumlisha, unarudia.

Kwa subira hiyo, mwaka 1971 timu ya Uhuru ilitangaza eksirei kutoka galaksi ya Seyfert inayoitwa NGC 4151. Ikapima pia 3C 273, M87 na Centaurus A. Kumbe vitovu vile vinavyong'aa vinatoa pia eksirei, tena nyingi. Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel.

Na jukwaa la San Marco halikuishia hapo. Novemba 1972 ilirushwa setilaiti ya SAS-2, ya kupima gama. Juu ya kigunduzi chake lilifunikwa kuba la plastiki maalumu lenye kazi moja tu: likiona chembe yenye chaji inaingia, linasema ikatae, siyo gama hiyo. Ndiye yule mlinzi, mjukuu wa saketi ya Florence. Oktoba 1974 ikafuata Ariel 5 ya Waingereza, na kufikia 1978 vipimo vyake vilionyesha kwamba galaksi za Seyfert kwa kawaida yao hutoa eksirei, siyo moja mbili za bahati. Kwa hiyo kipande kikubwa cha mwanzo wa elimu hii kiliruka kutoka maji ya Kenya.

Turudi kwenye swali la moto. Jibu lilikuja kwa kuangalia jinsi mwanga unavyobadilika. Hakuna kitu kinachokimbia kuliko mwanga. Kama kitovu cha galaksi kinaongezeka mwangaza mara mbili ndani ya saa moja, basi hakiwezi kuwa kipana kuliko umbali ambao mwanga unaenda kwa saa moja, yaani kama kilomita bilioni moja na kidogo. Hiyo haifiki hata kutoka Jua mpaka sayari ya Zohali. Na kweli, eksirei ya vitovu kadhaa imeonekana ikibadilika ndani ya masaa. Kitu kidogo namna ile, chenye mwanga wa mabilioni ya nyota! Maelezo yaliyosimama ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Mata inayolizunguka ikielekea kuanguka inasuguana, inapata joto la ajabu, na kabla ya kumezwa inatoa mwanga huo. Setilaiti mojawapo iliyofuatilia mabadiliko haya kwa muda mrefu, kuanzia mwisho wa 1995 mpaka Januari 2012, ilipewa jina la Rossi. Yeye alikuwa amefariki 1993.

Kwenye gama, aliyefungua mlango kwa upana ni setilaiti kubwa ya 1991 iliyoitwa Compton. Ilikuta galaksi zaidi ya 60 zinazotoa gama kwa nguvu, karibu zote za aina inayoitwa blazari: shimo jeusi linarusha mkondo wa chembe karibu na kasi ya mwanga, na mkondo huo umeelekea kwetu, kama mtu anayekumulika tochi usoni. Compton alistahili jina hilo kwa fizikia yake. Sisi tunamkumbuka pia kwa ile barua ya kumwalika Rossi.

Jina la nne ni Fermi. Mke wake Laura alikuwa Myahudi. Desemba 1938 familia ilisafiri kwenda Stockholm, Enrico apokee tuzo ya Nobel, na baada ya sherehe hawakurudi Italia. Januari 1939 wakafika New York. Mwaka 1949 Fermi aliandika jinsi chembe zinavyoweza kupata kasi kubwa angani kwa kugongwa tena na tena na mawingu yenye sumaku. Wazo hilo, likiwa limeboreshwa, bado linatumika kueleza mikondo ya blazari. Juni 2008 ilirushwa darubini ya gama, na miezi miwili baadaye ikapewa jina lake. Ndani yake kuna tabaka za metali nzito ya tangsteni. Gama ikigonga pale inageuka kuwa chembe mbili, elektroni na pacha wake wa chaji chanya, na tabaka za silikoni zinafuata nyayo zao mpaka zinajua gama ilitoka wapi. Sehemu hiyo ya kufuata nyayo iliunganishwa Italia, nchi ileile waliyoikimbia. Na nje, vigae 89 vya plastiki vimeizunguka pande zote isipokuwa chini: mlinzi bado yupo kazini.

Darubini hiyo inaweza kupitia anga lote kila baada ya masaa matatu. Imeshaorodhesha galaksi amilifu zaidi ya 3,000. Septemba 2017 kigunduzi kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini kilinasa neutrino, chembe isiyo na chaji inayopenya karibu kila kitu, na Fermi ikaonyesha kwamba upande ule ilikotoka kulikuwa na blazari iliyowaka kuliko kawaida yake, karibu miaka ya nuru bilioni 4 kutoka hapa. Mashahidi wawili, wakati mmoja. Mnaona?

Sasa tuseme wazi mambo mawili, maana historia siyo sifa tupu.

La kwanza. Rossi na Fermi wote walifanya kazi Los Alamos, kwenye bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo. Wengine kati yetu ni watoto wa nchi hiyo. Kukimbia dhuluma hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu, na elimu ileile inayopima galaksi iliteketeza miji.

La pili. Wawili hawa hawakuokoka kwa akili peke yake. Walikuwa na majina tayari, na wenye majina makubwa zaidi waliwaandikia. Wayahudi wengine wa Italia, wauza duka, walimu wa shule, wazee, hawakuwa na Bohr wala Compton. Kuanzia mwisho wa 1943 maelfu yao walipelekwa Auschwitz, na wengi sana hawakurudi. Watu husema mkimbizi mwenye bidii hufika. Sisi tunasema: bidii inahitaji barua. Kwa nyinyi mnaofanya kazi za misaada, tungependa msome tena safari ya Rossi. Alichopewa kilikuwa kidogo: mwaliko, posho, meza ya kufanyia kazi. Lakini kilikuja mapema, wakati bado ana nguvu ya kukitumia.

Kuhusu Uhuru pia tuwe wakweli. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, bahari ya Kenya, jina letu. Vipimo vilikwenda kusomwa Massachusetts. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Aprili 2023, Kenya ilipata setilaiti yake ya Taifa-1, nayo ikarushwa kutoka California. Mambo yamegeuka, na bado safari ni ndefu.

Kitu kimoja kimebadilika kweli. Vipimo vya Fermi haviko kabatini kwa wachache. Kila chembe ya gama iliyohesabiwa, na saa yake, na upande ilikotoka, inawekwa mtandaoni bure, na programu za kuisoma ni bure. Hatusemi ni rahisi: inahitaji kompyuta, bando, Kiingereza na hesabu, na tunajua foleni ya kompyuta tulizonazo. Lakini hakuna anayeuliza kitambulisho. Wenzetu wanaotaka tuanze kidogo kidogo, tuandikiane hapa chini, tutapanga siku. Tuanze na blazari moja tu, 3C 279, tuone inavyopanda na kushuka.

Na mkifika huko mtakutana na vyanzo vyenye majina yanayoanza na 4U, kisha namba. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha. Hiyo U ni Uhuru.